Mama wa Mbu na Kosa Nililoungama

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kule kwetu kwenye milima ya Dawida, niliogopa mdudu mmoja tu, na mdudu mwenyewe hakuwa na jino wala mwiba. Alikuwa na miguu. Miguu sita myembamba kama uzi wa kushonea, mirefu kiasi kwamba mwili wenyewe ulionekana umewekwa katikati kwa bahati mbaya. Msimu wa mvua wadudu hao waliingia nyumbani jioni, wakaning'inia ukutani na kujibembeza juu chini, juu chini, mpaka mtu akose raha ya kula. Nyanya yangu, mama yake Baba, ambaye tuliishi kwake, aliwaita mama wa mbu.

Siku hizi ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari mjini Voi, na kila mvua zikianza hakosi mwanafunzi wa kuniletea mmoja ndani ya chupa. "Mwalimu, angalia mbu mkubwa!" Nawaambia si mbu. Nawaambia ni jamii ya nzi wenye miguu mirefu, hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mtu, hata akitaka kukuuma hawezi. Wanaandika. Mimi nasimama pale na chaki mkononi, nikikumbuka kwamba maelezo hayo mepesi niliyapata nikiwa nimechelewa sana.

Nyanya hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa Mkristo hasa, wa kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili na sadaka iliyofungwa kwenye pembe ya leso. Lakini alikuwa na elimu nyingine ya pembeni, na juu ya hiyo mchungaji hakuulizwa. Kwa elimu ya Nyanya, mbu wadogo walikuwa watoto tu. Wanapiga kelele, wanawasha, wanakwenda zao. Homa yenyewe ilikuwa kwa mama yao. Yeye ndiye aliyeipandisha kutoka bondeni ndani ya ukungu, na kitanda atakachoning'inia juu yake, mwenye kitanda atatetemeka kabla mwezi haujaisha. Kumuua ilikuwa mwiko. Miguu yake hukatika upesi, ukimgusa tu anakuachia mmoja, na mguu ule hubaki ukichezacheza peke yake mkononi mwako. Nyanya alisema mguu unaocheza bila mwenyewe unatafuta mtu wa nyumba hiyo wa kumlaza chini.

Kwa hiyo mama wa mbu hakuuawa, alisindikizwa. Nyanya alichukua kigae chenye makaa, akatia majani mabichi, akamfukiza polepole kutoka chumbani mpaka mlangoni huku akimsemesha kwa adabu kama mgeni aliyepitiliza siku zake. "Shuka, mama. Rudi kwenu bondeni. Hapa hakuna chako." Kisha alifunga mlango na kusema amina. Mimi na mdogo wangu Mshai, aliyekuwa na miaka minne, tulicheka chini ya blanketi. Kilikuwa kicheko cha meno. Tulikuwa tukishikana mikono.

Baba yetu alikuwa fundi wa magari huko Voi, akikaa chumba kimoja cha kupanga, na likizo ya Aprili mwaka ule Mama aliamua sisi watatu tushuke tukakae naye. Sikuwa nimewahi kulala Voi. Nilihesabu siku. Zilipobaki mbili, niliingia chumbani mchana kutafuta sweta ya Mshai, na hapo ukutani, juu ya kitanda chetu, upande wa Mshai kabisa, nikamwona mama wa mbu.

Nyanya alikuwa shambani. Nilitakiwa kumwita. Lakini nilimjua Nyanya: akimwona mdudu yule upande ule, angesema safari ivunjwe, na Mama asingebishana na mama mkwe wake. Nikaamua kumsindikiza mwenyewe. Sikuwa na makaa wala majani, nilikuwa na mikono. Nilimfunika kwa viganja kama mtu anayeshika kifaranga, akaniponyoka, akaruka darini. Nilipofungua viganja, mguu mmoja ulikuwa umelala mkononi mwangu. Ulijikunja. Ukajinyoosha. Ukajikunja tena.

Niliutupa nje ya dirisha na kujifuta kiganja kwenye gauni mpaka ngozi ikauma.

Jioni tukiwa mezani Nyanya alimwona juu ya pao. Nyanya alikuwa mzee lakini macho yake yalikuwa ya kuchagua mchele. Aliinua koroboi, akahesabu.

"Nani amemvunja huyu mguu?"

"Labda ni paka," nikasema.

"Paka hapandi ukuta, Wakesho."

Aliniangalia. Mimi niliangalia ugali wangu. Akamfukiza mdudu yule kwa muda mrefu kuliko kawaida, na amina yake siku hiyo niliisikia ikiwa na shaka. Baada ya siku mbili tukashuka Voi.

Joto la Voi lilitupokea mlangoni. Chumba cha Baba kiligawanywa kwa pazia. Yeye na Mama nyuma yake, mimi na Mshai kwenye godoro sakafuni, chini ya neti. Neti ilikuwa kitu kigeni kwetu. Milimani wakati ule hatukuwa nayo, kwani kila mtu alijua kwamba baridi yetu haikubali malaria. Neti ile ilikuwa na tundu moja la ukubwa wa yai, na Mama alisema mara mbili tatu kwamba atalishona. Lakini kazi ya kuichomekea chini ya godoro alinipa mimi.

"Wewe ndio mkubwa. Mtoto asiumwe."

Nilijipa kazi nyingine juu ya hiyo. Kila jioni, kabla hatujalala, nilizunguka chumba na tochi ya Baba nikikagua kuta, pembe zote nne, nyuma ya kabati, juu ya mlango. Sikumpata mama wa mbu hata mmoja. Kuta za Voi zilikuwa kavu. Siku ya kwanza nilishangaa, siku ya pili nikafurahi, siku ya tatu nikaona kwamba tumeponyoka: mguu ule ulibaki milimani na hauna njia ya kutufikia. Mbu wadogo walikuwepo, na walikuwa wengi. Lakini hao walikuwa watoto.

Mshai ndiye aliyeshindwa na neti. Alisikia joto, akalia, akaipiga mateke. "Toa, Wakesho. Naskia joto. Toa!" Nilijaribu kumnyamazisha, nikashindwa. Siku ya tatu nikauchomoa upande wake na kuutupa juu. Alilala palepale, jasho likimkauka kwenye paji la uso, na mimi nikajiona dada mwema.

"Wakesho, umechomekea neti?" Mama aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Ndio, Mama."

Ikawa hivyo kila siku mpaka likizo ikaisha. Mama aliuliza, nikajibu. Na asubuhi niliamka kabla yake, nikaishusha neti na kuichomekea vizuri.

Tulirudi milimani, shule zikafunguliwa. Zilipita kama siku kumi hivi. Nikitoka shule mchana mmoja nikamkuta Mshai amelazwa kwenye kitanda cha Nyanya, midomo imekauka, meno yanagongana, na jua linawaka nje. Mama alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha maji. "Huyu mtoto anachemka," alisema, hakumwambia mtu yeyote hasa. Nyanya hakuwa anamtazama Mshai. Alikuwa anatazama juu. Pale penye pao alining'inia mama wa mbu, anajibembeza, na hata mimi niliweza kuhesabu: miguu mitano.

"Ni huyo huyo," Nyanya akasema.

Hakuwa huyo huyo. Leo naweza kukwambia. Yule wa kwanza alikuwa amekufa zamani, kwa sababu wakishapata mabawa wengi wao huishi siku chache tu, na wapo wasiokula kabisa katika siku hizo. Uhai wao mrefu hupita kabla ya hapo, wakiwa funza kwenye tope la chemchemi, wakila majani yaliyooza, miezi na miezi. Na miguu hiyo imeumbwa ikatike. Ndege akimdaka mguu, anamwachia mguu; akinasa kwenye utando wa buibui, anauacha mguu na kwenda zake. Mguu uliobaki hucheza kidogo ili adui aendelee kuushangaa. Mwenye mitano ni wa kawaida. Hata wenye minne nimewaona.

Lakini nilikuwa na miaka tisa, na mtoto aliyekuwa akitetemeka kitandani nilikuwa nimezoea kulala naye mgongo kwa mgongo. Nikalia, nikasema. Nilisema yote ya mguu: sweta, viganja, dirisha, uongo wa paka. Nilivyosema nilihisi kifua kikifunguka. Nikangoja kipigo.

Nyanya hakunipiga. Alinifuta kamasi kwa pembe ya leso yake, akasema ni vizuri nimesema, mficha uchi hazai, na sasa njia ya kumponya mtoto imejulikana. Mguu ulitolewa kwa jeuri, utarudishwa kwa adabu, pale majini wanakotoka.

"Mama," Mama akasema, akimwita mkwe wake kama alivyozoea, "mimi kesho asubuhi nampeleka zahanati."

"Homa ya dawa na homa ya mguu si moja. Nipe kesho tu. Kesho kutwa umpeleke."

Mama alinyamaza. Nimerudi kwenye kimya kile mara nyingi. Alikuwa mwanamke aliyeolewa katika nyumba ya watu, mumewe yuko mbali, na mtoto wake mwenyewe mkubwa amesimama pale akikiri kosa kwa machozi. Laiti nisingesema chochote, naamini angembeba Mshai mgongoni alfajiri.

Asubuhi Nyanya alinipeleka chemchemini, chini ya shamba la nduma, mahali ambapo jua haliingii. Hapo niliwaona wengi kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameng'ang'ania nyuzi za utando wa buibui katikati ya mizizi, makumi kwa makumi, wamejipanga mistari, wote wakibembea. Mguu ule sikuwa nao, kwa hiyo Nyanya alinikatia kipande cha nyasi kishike nafasi yake. Nikakitia majini kwa mikono miwili. Nikaomba msamaha kwa sauti, kama alivyonifundisha, kisha tukasali Baba Yetu. Sijawahi tena kuomba kitu kwa moyo wote namna ile, hata kwenye harusi yangu.

Na asubuhi iliyofuata Mshai alikuwa hana homa. Aliketi, akanywa uji kikombe kizima, akataka kingine. Nyanya aliimba nyimbo za kanisani jikoni. Mama aliyekuwa amemwandalia blanketi la kumbebea alilikunja akalirudisha, na mimi nikaenda kucheza. Malaria hufanya hivyo. Humwachia mtu kidogo halafu humrudia. Nawafundisha watoto wa watu hilo kila mwaka.

Saa nane mchana nilimsikia Mama akipiga ukelele ambao sikujua anao. Macho ya Mshai yalikuwa yamegeuka meupe, mgongo umepinda, povu mdomoni. "Degedege!" Nyanya alisema, akaketi chini sakafuni. Jirani mmoja alikuwa akipakia kabeji kwenye pikapu yake. Akateremsha nusu yake, akatupakia. Mama na Mshai walikaa mbele, mimi nyuma na kabeji, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniacha. Njia nzima ya kushuka nilijiuliza swali moja. Nimesharudisha mguu, nimeshaomba msamaha, sasa wanataka nini tena?

Hospitalini daktari alimtoboa Mshai kidole, akauliza maswali huku akiandika.

"Huyu mtoto amekuwa huko juu tu, ama mmeshuka bondeni karibuni?"

"Tulikuwa Voi likizo."

"Alikuwa analala ndani ya neti?"

"Ndani ya neti, daktari. Kila siku. Dada yake hapa ndio alikuwa anachomekea."

Wote wawili wakanigeukia. Ndipo nilipoelewa. Sikuelewa habari za vimelea wala damu. Nilielewa tu kutokana na jinsi daktari alivyosimamisha kalamu. Hakuuliza juu ya mdudu wa miguu mirefu, wala juu ya ukuta, wala mguu. Aliuliza juu ya neti.

"Si ndio, Wakesho?" Mama akasema.

Nikatikisa kichwa, ndio.

"Basi labda imetoboka," daktari akasema.

Nilimwona Mama akibadilika uso. "Ilikuwa na tundu," alisema taratibu. "Tundu moja. Nilisema nitalishona."

Ilikuwa malaria, na ilikuwa imefika kichwani. Mshai alilala siku nyingi bila kutujua. Alipoamka alituita kwa majina, tukashukuru Mungu, na ilichukua wiki mpaka tugundue kwamba ukimwita kutoka kushoto hageuki. Sikio lile halikurudi.

Tangu hapo Mama alikuwa mtu wa neti. Alizishona za kwetu, za majirani, za wageni; alizianika juani akizikagua kwa kidole, tundu kwa tundu. Watu walimtania, wakamwita fundi wa matundu, naye alicheka nao. Nyanya naye aliacha kusindikiza. Mama wa mbu waliingia, wakaning'inia, na yeye aliketi mikono mapajani akiwatazama bila neno. Alifariki nikiwa kidato cha pili, akijua kwamba siku ile moja aliyoiomba ndiyo iliyomharibu mjukuu wake. Yale mengine hakuyajua. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumwambia.

Chuoni, mhadhiri mmoja alituwekea mdudu yule chini ya lenzi tumchore. Nyuma ya mabawa niliona vile vijiti viwili vyenye vichwa kama vya kiberiti, vya kumsaidia asipepesuke angani. Niliona mdomo wake: laini, butu, hauwezi kutoboa hata jani. Wenzangu wakachora. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Nimejitetea miaka mingi kwamba sikujua, kwamba nilifuata nilichofundishwa na mzee wangu. Utetezi huo ni mzuri, ila una tundu lake. Mtoto anayeamini kwamba hajakosea haamki alfajiri kushusha neti kabla mama yake hajaamka. Nilijua kuna amri niliyoivunja. Nilikuwa na makosa mawili kifuani, nikachagua kuungama lile la mdudu, kwa kuwa kipigo chake kingekuwa chepesi, na kwa kuwa Nyanya angelisikiliza kwa huruma. Nikalisema kwa machozi ya kweli. Watu wakaliamini, wakalifuata mpaka chemchemini, na mdogo wangu akapoteza karibu siku mbili.

Desemba iliyopita binti yangu, aliyetimiza miaka minne, alikuwa aende milimani kwa bibi yake, yaani Mama, naye akaja kumchukua. Nilimkuta uani ameketi kwenye mkeka na neti ya mtoto mapajani. Neti ilikuwa mpya. Alikuwa akitafuta tundu. Sikuweza tena. Nikaketi, nikamwambia, kuanzia joto mpaka kule kutikisa kichwa mbele ya daktari.

Mama hakuinua uso. Kidole chake kiliendelea kupita kwenye neti.

"Wewe ulikuwa na miaka tisa," alisema mwisho. "Mimi nilikuwa mama yenu, na nilikuwa nyuma ya pazia tu. Hatua tatu. Kila siku niliuliza, hata siku moja sikuinuka kuangalia."

"Mama, halikuwa tundu."

"Nimesikia." Akakunja neti. "Mimi si mwenye sikio. Mwambie mwenyewe."

Mshai ana cherehani yake sokoni, na alikuwa amepita kutusalimia. Alikuwa jikoni akimenya viazi. Nilisimama kulia kwake, ambako sote husimama bila kufikiri, na nikasema tena yote. Alisikiliza akimenya. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye ile pikapu. Nilitaka anitukane, ama anikumbatie, nimalizane na jambo hili.

"Nililia sana?" akauliza.

"Ulilia sana. Siku zote tatu."

Aliosha kiazi, akakiweka kwenye sufuria, akachukua kingine.

"Ungeniacha tu nilie, Wakesho."

Hakusema kwa hasira. Ni kweli. Ningemwacha alie.